Nguzo ya Tiwi Iliyovaa Leso ya Gazi

Cheka kwanza. Cheka umalize kabisa, ufute na machozi, ndipo nianze, kwa sababu aibu hii niliipata kwa mkupuo mmoja mbele za watu na sitaki kuipata tena kwa mafungu, kila mtu akinikatiza kwa kicheko chake. Mimi niliyewahi kumuuzia mtalii miwani ya jua siku ya mvua, mimi ambaye hata chenji ya gazeti naihesabu mara mbili (mara ya kwanza kwa macho, ya pili kwa vidole), mimi huyo huyo nilisimama katika ukumbi wa hoteli huko Diani, nikiwa nimevaa tai, nikawaomba akina mama watu wazima wavue leso zao wabadilishane. Naam, umesikia sawasawa. Ila sikuanzia kwenye leso. Nilianzia kwenye kompyuta.

Miaka ile ya mwishoni mwa tisini nilikuwa nimeachana na biashara ya ufuoni, nimepanga pembe moja ndani ya duka la fotokopi pale Kona ya Musa, nina kompyuta moja ya mtumba iliyokuwa ikiwaka inapojisikia, printa moja ya rangi iliyokunywa wino kama harusi inavyokunywa sharubati, na kibao nilichokiandika kwa mkono wangu: BARUA, KADI ZA HARUSI, CHATI. Barua na kadi zilikuwa na wateja. Chati nilikuwa nimeiandika ili kibao kijae tu, hakuna aliyewahi kuiuliza, mpaka siku alipoingia Madam Njoki.

Madam Njoki alikuwa ofisa wa mauzo wa hoteli moja kubwa (jina lake nitalimeza, bado napita pale), mtu wa bara, mwendo wake wa haraka na maneno yake ya haraka zaidi. Hoteli yake ilikuwa ikinunua vikapu na mikeka kwa vikundi vinne vya akina mama, Gazi, Kinondo, Msambweni na Tiwi, inawauzia wageni katika duka lake la zawadi, na sasa alitaka kila mwezi apate chati inayoonyesha kila kikundi kimeuza kiasi gani.

"Na zote zikae na sura moja," akasema, huku anagonga meza kwa kalamu. "Si leo hivi, kesho vile. Mtu akiiona kwa ukuta, hata akiwa mbali, ajue hiyo ni ya hoteli yetu. Tuko pamoja?"

Nikamwambia tuko pamoja. Nikamtajia bei, akacheka, akataja nusu yake, nikacheka mimi, tukakutana mahali ambapo kila mmoja aliamini amempunja mwenzake, tukapeana mikono. Ndipo akatoa mkobani kitabu chenye karatasi za kung'aa, nikaambiwa hicho ndicho sheria. Utepe wa buluu ya bahari juu ya kila karatasi. Herufi za aina moja tu. Na nembo ya hoteli, ambayo ni kaa (yule wa pwani, mwenye magando), akae pembeni kulia, na upana wake usipungue vidole vitatu hata dunia ipinduke. Kaa yule alikula nafasi, nakwambia. Ukishamweka kaa na utepe, majina ya vikundi chini ya zile nguzo za kuonyesha mauzo yalibaki madogo kama sisimizi walio safarini.

Lakini majina hayakuwa na kazi kubwa, na hapa ndipo unisikilize vizuri. Kila kikundi kilikuwa na sare yake ya leso, kama ilivyo kawaida yetu. Akina mama wa huku hawawezi kukaa pamoja wiki mbili bila kununua leso za kufanana. Gazi walivaa kijani, Kinondo manjano, Msambweni nyekundu, Tiwi zambarau. Siku ya kwanza nilipopeleka chati pale ghalani wanapoleta vikapu, nguzo zote nne zikiwa buluu kama kile kitabu kilivyotaka, mwenyekiti wa Tiwi, Bi Mwanamisi, aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa sisi tuko wapi?"

"Ya mwisho kulia, mama, pale palipoandikwa Tiwi."

"Mimi miwani yangu iko nyumbani. Kila nguzo ivae leso ya wenyewe, tujue nani ni nani."

Madam Njoki akapinga, kwamba kitabu hakisemi hivyo, akina mama wakamtazama tu, na Madam Njoki (ambaye mimi sikuwahi kumshinda hata shilingi tano) akakubali papo hapo. Basi utepe ni wa hoteli, kaa ni wa hoteli, nguzo ni za wenye leso.

Sasa kuchora kila chati kwa mkono na kuipaka rangi moja moja ni kazi ya mtu ambaye stima halipi yeye. Mimi nilikaa siku mbili na kitabu cha mafunzo nilichokinunua Mombasa, nikaiandikia kompyuta makro, yaani maagizo unayoyaandika mara moja na mashine inayafuata kila ukiyaita. Makro yangu niliiita VALISHA. Ukiiamuru, inaweka utepe, inaketisha kaa, inageuza herufi, kisha inazivalisha nguzo: ya kwanza kijani, ya pili manjano, ya tatu nyekundu, ya nne zambarau. Kufumba na kufumbua, chati imevaa kama inakwenda harusini. Na kwa kuwa vikundi nilivipanga kwa alfabeti, Gazi mbele, Tiwi nyuma, kila mwezi kila mtu alipata leso yake. Mwaka mzima haikukosea hata mara moja. Akina mama wakazoea, walikuwa wakiingia ghalani, wanatupa jicho ukutani, "Ah, manjano mmepanda!", "Nyekundu leo mmelala!", hakuna aliyehangaika na sisimizi wa chini.

Katika huko kupeleka chati ndiko nilikojuana na Riziki. Riziki alikuwa katibu wa kikundi cha Tiwi, ndiye aliyeniletea hesabu zao pale dukani, na hesabu zake nilizihesabu mara mbili bila sababu yoyote, hazikuwa na kosa, nilitaka tu akae. Halafu nikagundua jambo ambalo mtu mwenye akili angeligundua mapema: Riziki ni binti wa Bi Mwanamisi. Nikajikaza. Nikamtuma Mjomba Salim, ambaye ndiye mkubwa wangu, apeleke barua ya posa Tiwi. Akapokewa vizuri, akapewa chai na mahamri, akarudi na jibu ambalo si jibu.

"Mama yake anasema barua ameiona," Mjomba akaniambia. "Hana neno na ukoo wetu. Ila anasikia ulikuwa kijana wa ufuoni, wa maneno mengi. Mwezi ujao kuna mkutano mkuu wa vikundi hotelini, nawe utasimama mbele. Anataka akutazame siku hiyo. Jibu litatoka Ijumaa inayofuata."

"Anitazame nini?"

"Adabu zako, na kama kichwa chako kimetulia. Na mimi nitakuwapo, kwa hiyo usinivunjie heshima."

Kwa hiyo unaelewa. Watu wengine siku ile walikwenda kujua nani ameuza vikapu vingi. Mimi nilikwenda kuozwa au kutokuozwa.

Adhuhuri ya siku moja kabla ya mkutano hesabu za mwaka zilikuwa zimetimia, nami nikaona kheri imenijia yenyewe: Tiwi walikuwa wa kwanza, tena kwa mbali! Kinondo wakafuata, Msambweni wakafuata, na mkiani kabisa walikuwa Gazi, ambao mvua iliwaharibia miyaa ya kusukia, wakakaa nusu mwaka hawana kikapu cha kuleta. Hoteli ilikuwa imetoa zawadi kwa wa kwanza, cherehani cha miguu, kipya, bado kina karatasi zake. Nikaitazama chati yangu. Gazi, wa mwisho, amesimama mbele kushoto kama mwenye nyumba. Tiwi, bingwa, amebanwa nyuma huko pembeni, kaa anamtia gando.

Nikajiambia: huyu ni mkwe wangu, Mungu akipenda. Je, mkwe wangu nimsimamishe mlangoni?

Uamuzi wenyewe ulikuwa huo, wala haukufika dakika. Niliziambia hesabu zijipange upya, mkubwa mbele mdogo nyuma, ili Tiwi aanze, halafu nikaiita VALISHA, ikavalisha. (Wewe mwerevu umeshaona. Mimi sikuona.) VALISHA haikujua Tiwi ni nani wala Gazi ni nani, ilijua wa kwanza ni kijani na wa nne ni zambarau, basi, ikatii. Nguzo ndefu ya Tiwi, inayokaribia utepe, ikavaa kijani cha Gazi. Kijiguzo cha Gazi, kifupi kama kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kikavaa zambarau ya Tiwi. Kinondo na Msambweni walikuwa katikati, hawakusogea, kwa hiyo manjano ilikaa kwa manjano na nyekundu kwa nyekundu, na jicho langu lililopita haraka likaona mambo ni yale yale. Nikazihesabu tarakimu mara mbili. Rangi nazo nikazihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Zimetimia. Nikaichapa kwenye ile karatasi ya plastiki ya kumulika ukutani kwa projekta, nikaipepea ikauka, nikaenda kukodi tai.

Ukumbi ulijaa. Akina mama wamekaa kwa vikundi, rangi baada ya rangi kama bustani ya mtu tajiri, kijani upande huu, zambarau upande ule wakitazamana nao, na katikati manjano na nyekundu kama askari wa amani, kwa sababu Gazi na Tiwi walikuwa hawaivi chungu kimoja tangu zamani, na leso ile ya zambarau ilikuwa na maneno ambayo sitayaandika hapa, ila kila mtu ukumbini alijua waliochaguliwa kuambiwa ni Gazi. Mbele aliketi meneja mkuu wa hoteli, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha salamu tu, na kando yake Madam Njoki. Cherehani kilikuwa mezani kimefungwa utepe wa buluu. Mjomba Salim alikaa nyuma na kofia yake nzuri. Bi Mwanamisi alikuwa mstari wa mbele, miwani haikuonekana.

Nikasimama. Nikatoa shikamoo kwa ukumbi mzima, nikaitikiwa. Nikasema maneno ya adabu, mafupi, nikamwona Bi Mwanamisi anatikisa kichwa kidogo kwa kuridhika, na hapo ndipo ufuo uliponipanda kichwani. Ningeweza kusoma majina tu. Ningesema, "Wa kwanza, Tiwi," nikakaa, nikaoa. Lakini kijana wa ufuoni haonyeshi mali kabla hajaizungusha machoni pa mteja.

"Mama zangu," nikasema, "mimi sitataja jina. Aliyeongoza mwaka huu mtamwona kwa macho yenu wenyewe!"

Nikawasha projekta.

Lo! Vigelegele vilivyotoka upande wa kijani sijawahi kuvisikia tena. Kabla sijafungua mdomo Gazi wote walikuwa wamesimama, wanapiga makofi, wanaimba, wanaicheza ngoma ya sengenya kuelekea mbele, na mwenyekiti wao, Bi Mejumaa, mama mnene mwenye furaha zake, anawaongoza na mikono juu. Mzungu naye aliangalia ukutani, akaona kijani, akaangalia ukumbini, akaona kijani, akainuka na makasi, akakata utepe, akampa mkono. Bi Mejumaa hakusubiri hotuba. Alikiteremsha cherehani na wenzake, akavuta kiti, akakaa, akaweka miguu, akaanza kukanyaga. Taka-taka-taka-taka. Hakina uzi, hakina kitambaa, kinashona hewa.

Nami nilikuwa ninapiga makofi. Kweli kabisa. Nilidhani Gazi ni waungwana, wanawashangilia Tiwi.

Upande wa zambarau hakuna aliyepiga hata kofi moja. Nikamtafuta Riziki kwa macho, nikamwona ananitazama moja kwa moja, ameshika ncha ya leso yake, anaivuta, ananionyesha ukutani kwa kidevu, anaivuta tena. Nikasema, mtoto huyu amekwisha kunikubali, ananikonyeza mbele ya mama yake. Nikamkonyeza na mimi.

Mama yake akaniona.

Ndipo nikageuka, pole pole, nikautazama ukuta. Unajua ile hali ya kumpa mtu noti kubwa ukidhani ni ndogo, na basi limeshaondoka? Nilihisi hivyo kuanzia kisogoni hadi kwenye soksi. Nikawasoma wale sisimizi wa chini: TIWI, chini ya kijani. GAZI, chini ya zambarau. Nikawasoma mara ya pili. Hawakubadilika.

Hapo mtu mwingine angesema, "Mama zangu, nimekosea," habari ikaisha. Mimi niliichomoa ile plastiki kwenye projekta, nikafuta jasho, nikatoa sauti ya kujiamini.

"Samahani, akina mama, rangi mlizoziona ziligeuzwa na taa ya hii mashine. Kijani si kijani."

"Mbona manjano haikugeuka?" akauliza mama mmoja wa Kinondo.

"Wala nyekundu!" akadakia wa Msambweni. "Taa yako inachagua watu?"

Watu wakacheka. Bi Mwanamisi hakucheka. Madam Njoki alikuwa ameshafika ubavuni kwangu, ananong'ona kwa meno. "Wewe, hiyo ni nini umefanya? Rekebisha! Sasa hivi!"

"Madam, kompyuta iko Kona ya Musa."

"Aki ya Mungu nitakulipa na vikapu."

Taka-taka-taka, Bi Mejumaa anashona.

Sasa nisikilize akili yangu ilivyofanya kazi, kwa sababu mpaka leo naiona ina mantiki yake. Sokoni, bei na kitu visipolingana, unabadilisha bei au unabadilisha kitu. Chati siwezi kuibadilisha, mashine iko mbali. Kwenye chati Tiwi ni kijani na Gazi ni zambarau. Kwa hiyo kilichobaki kubadilishwa ni nini? Nikaona njia, nyeupe, imenyooka, nikashangaa kwa nini hakuna mwingine aliyeiona.

"Mama zangu," nikasema, nikiinua mikono kama mpatanishi, "jambo hili ni dogo. Tiwi ndio wa kwanza, Gazi ndio wa nne. Leso tu ndizo hazikulingana na karatasi. Basi naomba, kwa dakika tano tu, mpaka tupige picha, Gazi wavue leso zao wawape Tiwi, na Tiwi wavue zao wawape Gazi, na kila kitu kitakuwa sawa."

Cherehani kikanyamaza.

(Ndani walikuwa na magauni yao, usinifikirie vibaya. Lakini leso ya sare si koti la kuazimana mvuani.)

Bi Mejumaa akainuka taratibu kwenye kiti. "Nivae ile?" akasema, ananyoosha kidole upande wa zambarau, kwenye yale maneno yaliyochapwa. "Yaani nijitukane mwenyewe, tena nijifunge tumboni? Na picha nipigwe?"

"Muulize vizuri!" wakapiga kelele wenzake. "Huyu katumwa!"

"Katumwa na nani?" zambarau nao wakainuka. "Sisi tutatuma mtu kama huyo? Hata dukani hatumtumi!"

Bi Mwanamisi alisimama, na ukumbi ukatulia. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Kijana," akasema (mpaka asubuhi ile aliniita mwanangu), "miaka sita nimevaa rangi hii. Watu wakiiona barabarani wanasema Mwanamisi huyo anapita. Leo unataka niivue mbele ya wanaume, nimvalishe mtu aliyeichukia, kwa ajili ya karatasi yako?"

Nikatazama nyuma kumtafuta Mjomba Salim anitetee. Mjomba alikuwa amevua kofia yake nzuri, ameiweka usoni.

Aliyeniokoa ni Riziki. Alikuja mbele, akaninyang'anya ile plastiki bila kunitazama, akaipeleka dirishani penye mwanga, akasoma kwa sauti yale majina madogo, moja baada ya jingine: Tiwi, Kinondo, Msambweni, Gazi. Vigelegele vya zambarau vikaanza kwa wasiwasi kidogo, kama mtu anayeonja chai, halafu vikakolea. Watu wote wakamgeukia Bi Mejumaa, ambaye alikuwa amekaa tena kwenye cherehani, mkono mmoja juu yake kama juu ya mtoto.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?" Bi Mwanamisi akamuuliza.

"Nilijua si sisi. Nusu mwaka mzima hatukuleta hata kifuniko. Nilipoona nguzo yetu imefika juu vile nilishangaa kuliko nyinyi. Lakini, dada yangu, nikipigiwa vigelegele nisimame niulize kwa nini?"

Bi Mwanamisi alijitahidi. Niliona midomo inavyopigana. Kisha akacheka, Wallahi akacheka, ukumbi ukacheka, Bi Mejumaa akakanyaga mara tatu za kuagana, akainuka, akawapisha. Mzungu, ambaye hakuelewa neno, akapiga makofi kwa mara ya pili na kumpa mkono mama mwingine. Sote tukafurahi isipokuwa mimi, ambaye nilikuwa ninatafuta mlango wa jikoni.

Madam Njoki alinifikia kabla ya mlango. "Kuanzia mwezi ujao," akasema, "chati zangu ni nyeusi na nyeupe. Na huyo kaa umuache vile alivyo."

Jumatatu niliifungua VALISHA nikaiandika upya, kimya kimya. Ile ya zamani ilikuwa ikimtazama mtu amesimama wa ngapi kwenye foleni, inamtupia leso. Hii mpya inauliza kwanza, "Wewe nani?", inasoma jina, ndipo inamvalisha, awe mbele awe nyuma, awe mrefu awe mfupi. Rangi ni ya mwenyewe kama jina lake, haigawiwi kwa foleni. Niliijaribu mara mbili, nikaijaribu ya tatu, ingawa sasa hakuna aliyetaka rangi.

Ijumaa Mjomba Salim alikwenda Tiwi kuchukua jibu, mimi nikabaki barazani kwake nikihesabu mbao za dari. Alirudi jioni, akavua viatu bila haraka, akaomba maji, akanywa yote.

"Amekubali," akasema.

Niliruka.

"Kaa chini. Kuna sharti. Anasema mtu aliyesema hadharani kwamba leso zinabadilishwa, azinunue ajue thamani yake. Siku ya harusi utawavisha sare Tiwi wote, na Gazi wote, doti moja kila mama."

"Gazi! Gazi wanaingiaje kwenye harusi yangu?"

"Bi Mejumaa ameshaalikwa, tangu siku ile hawaachani. Na sare iwe ya rangi moja kwa wote. Anasema hivyo hutakosea tena."

Sasa mimi ni mtu wa bei. Nikamrudisha Mjomba Jumamosi na ombi langu: Tiwi peke yao. Jibu likaja: wote. Nikamrudisha Jumapili: wote sawa, lakini leso moja moja badala ya doti. Jibu likaja: doti, na Kinondo nao waongezwe. Nikanyamaza kabla Msambweni hawajaingia. Hiyo ndiyo biashara pekee maishani mwangu ambayo kila nilipoomba kupunguziwa nilizidishiwa, na ndipo nilipojua kipaji cha Riziki cha hesabu amekitoa wapi.

Harusi ilifana. Leso zilikuwa za rangi ya machungwa, uwanja mzima machungwa, na mimi nimejifunza, sivyo? Sikuwa na chati, sikuwa na projekta, nilikuwa na bahasha moja tu mfukoni, mkaja wa mama mkwe, ile zawadi ya mama aliyemzaa bibi harusi, niliyoitayarisha kwa heshima zote. Nikamwona amesimama mstari wa mbele, kama siku ile ya mkutano, amenipa mgongo, leso imepanda kichwani. Sikuuliza jina. Nikainama, nikasema, "Shikamoo mama, pokea mkono wangu," nikamtilia bahasha mkononi.

Akageuka. Alikuwa Bi Mejumaa.

Aliitazama bahasha, akanitazama mimi, akaifunga barabara kwenye pindo la leso yake, akapiga kigelegele kirefu mpaka wapiga ngoma wakageuka. Nilifungua mdomo niseme kitu kuhusu kubadilishana, nikaufunga. Nikaenda kumkopa Mjomba Salim bahasha ya pili.